Siafu wa Nyangate

Nyangate alifundisha shule ya msingi chini ya mlima wa Manga, darasa la nne na la tano, na watu walimwita Mwalimu. Lakini ualimu ulikuwa kazi ya mikono yake tu. Moyo wake ulikuwa kwenye kuchora. Chuoni alikuwa amepata kijisanduku cha rangi za maji na brashi tatu, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kumtoa mbele ya karatasi, hata kama nyumba ingekuwa inaungua.

Mwaka 1966 alimwoa Abigael, binti wa mkulima wa chai wa Nyaramba. Mwanzoni Abigael alipenda sana kazi ya mumewe. Alikuwa akikaa karibu naye na kumtazama akilitazama jani la mgomba asubuhi nzima kabla hajagusa brashi.

"Wewe unaona rangi ngapi hapo?" Nyangate alimuuliza siku moja.

"Ni kijani."

"Hesabu vizuri. Kuna kijani kinachotaka kuwa manjano, na hapo jua linapopenya kuna kijani kama maji. Kwenye uti kuna zambarau. Ukilichora kwa kijani kimoja, umechora kopo lililopakwa rangi."

Na kweli, kuanzia siku hiyo Abigael hakuweza tena kupita mgombani bila kuziona rangi zile. Rangi za dukani zilipoisha, yeye ndiye aliyemsaidia mumewe kutengeneza nyingine. Walichimba udongo mwekundu pale barabara ilipokatwa, wakauchekecha kwa kitambaa mara tatu hadi ukawa laini kama unga wa wimbi. Masizi waliyakwangua chini ya sufuria. Na kahawia, ile kahawia ya magome na ya manyoya ya mwewe, ilitoka kwenye utomvu wa mgomba, ambao kila mama wa huko anajua kwamba ukidondokea nguo, nguo itachakaa lakini doa litabaki.

Kisha Nyangate akaacha majani, akaanza ndege.

"Ndege akifa, macho yake ndiyo hufa kwanza," alimwambia mkewe. "Hayangoji hata mwili upoe. Kwa hiyo lazima nimpate akiwa hai."

Akamnasa chozi kwa ulimbo, ndege mdogo mwenye kifua kinachong'aa kama shaba. Akamfunga miguu kwa uzi, akamtandaza mabawa juu ya ubao na kuyabana kwa miiba. Abigael aliambiwa ashike kichwa kwa vidole viwili kisigeuke. Moyo wa ndege ulimpigapiga kwenye ncha za vidole, upesi mno, kama mvua ya mawe juu ya bati. Alikishika saa nzima, na ya pili.

"Utamwachilia?" aliuliza.

"Nikimaliza."

Alipomaliza, ndege alikuwa amekufa, na Abigael hakujua ni saa ngapi mpigo ule ulikoma, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Nyangate aling'oa miiba, akamrushia paka mzoga bila kutazama ulipoangukia. Macho yake yalikuwa kwenye picha. Na picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomsumbua Abigael usiku ule. Kwenye karatasi chozi alikuwa kama anataka kuruka.

Baada ya chozi alikuja kinyonga, aliyesogezewa kaa la moto ubavuni ili Nyangate aone jinsi weusi unavyopanda ngozini. Baada ya kinyonga walikuja wengine. Abigael akajitia shughuli nyingi jikoni, na Nyangate hakumuuliza kwa nini haji tena kukaa karibu naye. Huenda hakuona.

Katika boma hilo alikuwemo pia mama yake Nyangate, mjane aliyeitwa Gesare. Mwaka 1969 alipooza upande mzima wa kulia. Ulimi ukawa mzito ila maneno yalieleweka, na akili ilibaki timamu. Alilala kwenye nyumba yake ndogo ya udongo, hatua kumi kutoka jikoni. Abigael ndiye aliyemwosha, akamgeuza asitoke vidonda, akamlisha uji kwa kijiko huku mwanawe mchanga, Bonareri, amelala mgongoni. Nyangate, mwana wa pekee wa mama huyo, alimsalimu kila asubuhi akiwa amesimama mlangoni, akaenda zake.

"Mwanangu ana kazi nyingi," Gesare alikuwa akisema.

"Ndiyo, mama," Abigael alijibu.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 Nyangate alipeleka picha zake mjini Kisii kwa Makori, mwenye duka la vitabu na fremu. Makori alikuwa akikusanya picha za kupeleka kwenye maonyesho Nairobi. Alizipitia zote, moja moja, akazipanga upya kwenye bahasha.

"Mwalimu, mkono unao," alisema. "Lakini ndege wanachorwa na kila mtu. Niletee kitu ambacho mtu akikiona atarudi nyuma hatua moja."

Nyangate alirudi Manga na neno hilo, likakaa naye kama mwiba wa mguuni. Hakula vizuri. Darasani aliwapa watoto hesabu na kutazama nje dirishani.

Mwezi wa nne mvua zikaja, na pamoja nazo wakaja siafu. Aliwaona chini ya shamba, wakivuka njia ya kwenda mtoni: mstari mweusi unaong'aa, upana wa kiganja, wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni wakiwa wamefungua taya, na wadogo wanapita katikati kwa haraka. Alipiga magoti pale kwenye tope hadi kiza kikaingia.

Aliwachora siku tatu mfululizo, na siku tatu alichana karatasi. Aliwatia kwenye chupa, wakafa na kujikunja. Aliwachora njiani, akapata mstari tu, mstari usio na njaa.

"Mpaka niwaone wakila," alimwambia Abigael akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. "Karibu yangu, kwenye mwanga mzuri."

"Siafu si wa kuchezea, Baba Bonareri."

Alimwaga ile chai nje, akarudi kwenye karatasi zake.

Siku ya Sabato Abigael alijiandaa kwenda kanisani. Asubuhi hiyo alikuwa amewaona siafu nyuma ya migomba, karibu kuliko jana. Alichota majivu yote ya jikoni, akazungushia nyumba ya mama mkwe wake mstari mnene, mbele na nyuma, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akaenda kwa mumewe, aliyekuwa anapanga ubao na vikopo vyake kivulini.

"Siafu wako karibu. Nimemwaga majivu. Ukiona wanapanda, mtoe mama, mlete jikoni."

"Sawa."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama Bonareri. Nenda usichelewe."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Kilichofuata Nyangate alikifanya kwa mpango. Tangu jana alikuwa ameficha matumbo ya kuku kwenye debe. Sasa aliyapanga kipande kwa kipande kutoka migombani hadi kwenye uwanja mdogo mbele ya ubao wake, akamfunga tetea mmoja mguu kwenye kigingi. Siafu walikuja. Lakini walipofika katikati walianza kupinda kuelekea kwenye mahindi, mbali na mwanga. Alihitaji majivu awazibie njia. Jikoni hapakuwa na hata konzi moja.

Akaenda na koleo nyuma ya nyumba ya mama yake, akayazoa yale ya upande wa nyuma. Nia yake ilikuwa kuyarudisha.

Siafu walizibwa, wakageuka, wakamfikia tetea. Nyangate akashika brashi. Watu waliowahi kumwona akifanya kazi wanasema uso wake ulikuwa ukitulia kama wa mtu aliye kwenye maombi. Alichora jinsi walivyoanzia miguuni, jinsi manyoya yalivyoinuka, jinsi jicho la kuku lilivyozunguka. Aliutumia ule utomvu kwa vichwa vya siafu askari, tone juu ya tone, na alipoutia masizi kidogo vichwa viling'aa kama vimepakwa mafuta. Hakuwa amewahi kupata mng'ao huo.

"Nyangate!"

Ilikuwa sauti ya mama yake, nzito, iliyokwama kwenye ulimi.

"Naja, mama," alijibu, bila kuinua kichwa.

Tetea alikuwa bado anapiga bawa moja. Bawa hilo lilihitaji kuchorwa sasa, kabla halijalala.

"Nyangate! Mwanangu!"

"Naja."

Akaita mara ya tatu, na hiyo haikuwa na jina ndani yake, ilikuwa sauti tu. Kisha kukawa kimya, na Nyangate akashukuru kimya kile, kwa kuwa alikuwa amebakiza miguu ya siafu wa mbele, kazi inayotaka mkono usiotetemeka.

Abigael alirudi saa tisa alasiri. Kabla hajafika uani aliona mkondo mweusi ukipanda ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mkwe na kuingilia chini ya paa. Alimweka mtoto juu ya jiwe, akakimbia.

Kitanda kilikuwa cheusi. Blanketi lilikuwa linatembea. Gesare alikuwa amefumba macho na mdomo, ameukinga mkono wake mzima puani ili apumue, na huo mkono haukuonekana ngozi. Abigael alimwinua peke yake, mwanamke aliyemzidi uzito, akamkokota hadi nje, akammwagia maji ya mtungi, kisha mafuta ya taa. Alianza kuwang'oa mmoja mmoja, puani, masikioni, kwenye kope. Waling'ang'ania, aling'oa viwiliwili na vichwa vikabaki vimeuma. Alipiga mayowe huku anang'oa, na majirani wakaja, na Nyangate naye akaja na rangi kwenye vidole.

"Shika mguu!" Abigael alimpigia kelele. Akashika mguu.

Gesare hakufa. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakapata gari la kumfikisha hospitali ya misheni, akakaa huko wiki tano. Aliporudi jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na uso upande huo umejaa makovu madogo madogo, kama ukuta uliopigwa na mvua.

Ukoo ulikaa kikao. Msemaji alikuwa Jethro Ombati, mdogo wa marehemu baba yake Nyangate, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Alianza na Nyangate.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini shambani, baba mdogo. Nachora."

"Hukusikia mama akiita?"

"Sikusikia."

Jethro akamgeukia Abigael. "Na wewe uliona siafu wako karibu, ukaenda zako?"

"Nilimwaga majivu kuzunguka nyumba yote. Nikamwambia mwalimu amtazame."

"Upande wa nyuma hapakuwa na majivu. Nilikwenda mwenyewe kuona siku ile ile."

Abigael alimtazama mumewe. Nyangate alikuwa anatazama kucha zake, zilizokuwa bado na kahawia pembeni.

"Niliyamwaga," Abigael alisema. "Mbele ya Mungu, niliyamwaga pande zote."

"Usimwite Mungu kwenye uzembe wako," Jethro alisema.

Ikaamuliwa kwamba Abigael ndiye aliyemtelekeza mgonjwa. Kanisani aliwekwa nje ya ushirika miezi sita, akakaa benchi la nyuma, na wanawake waliokuwa wakimsogelea kwa salamu sasa wakampisha njia. Hilo alilivumilia. Asilolivumilia ni siku baba yake alipokuja kutoka Nyaramba, mzee aliyekuwa na pumu, akivuta mbuzi kwa kamba kilima chote, akasimama uani kwa watu mbele ya mkwewe na kuomba radhi kwa malezi ya binti yake. Nyangate aliipokea kamba. Alisema asante.

Jioni ile Abigael alikwenda kumwosha mama mkwe wake kama kawaida. Alimwosha mgongo, akampaka mafuta, ndipo akauliza.

"Mama, siku ile uliita?"



"Niliita."

"Akasikia?"

"Alinijibu. Alisema anakuja." Jicho moja lilimwangalia Abigael, kavu kabisa. "Mkamwana wangu, usinipeleke mbele ya watu niseme hayo. Sitasema. Nina mwana mmoja tu."

"Na mimi je? Baba yangu ameaibishwa hapa."

"Wewe una baba, una ndugu wanne, una miguu miwili. Mimi nina yule. Nikimkosa, nani atanizika?"

Abigael alimaliza kumpaka mafuta, akamfunika. Hakulala usiku huo, lakini asubuhi alimpikia uji.

Picha ya siafu ilikwenda Nairobi mwezi wa tisa ikarudi na tuzo. Nyangate aliandikwa gazetini. Januari 1972 Makori aliitundika picha hiyo katika ukumbi mmoja mjini Kisii, akaalika walimu, makarani, wafanyabiashara na wake zao. Jethro Ombati alikuja na koti lake la kanisani. Abigael naye aliletwa, kwa sababu mke wa mtu aliyeshinda hawezi kuachwa nyumbani, watu wangeuliza.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona picha ikiwa nzima. Watu waliokuwa mbele yake walifanya kama Makori alivyotaka: kila mmoja alirudi nyuma hatua moja. Abigael hakurudi. Alisogea. Aliona jicho la tetea, vichwa vinavyong'aa, na kwenye kona ya juu ya karatasi, kwa mistari myepesi, ukuta wa nyumba ya udongo na uzi mweusi unaoupanda.

Yaani mumewe alikuwa amewaona. Aliwaona wakipanda, akawachora.

"Mwalimu, tuambie," Makori alisema kwa sauti ya karamu. "Kitu kama hiki mtu anakifanyaje?"

Nyangate alikuwa amevaa tai mpya. Mwanzo alisitasita, kisha maneno yakamjia, yakamnogea. Akaeleza utomvu na masizi. Akaeleza matumbo ya kuku na tetea wa kwenye kigingi. Akaeleza jinsi siafu walivyotaka kumtoroka na jinsi alivyozoa majivu nyuma ya nyumba kuwazuia. Watu walikuwa wanacheka na kutikisa vichwa.

"Kazi hii haitaki moyo uliogawanyika," alisema. "Siku ile mama yangu mwenyewe aliita mara tatu. Sikuinua kichwa. Ningeinua, hili bawa lisingekuwepo."

Akaonyesha bawa kwa kidole.

 Kisha karani mmoja mbele akapiga makofi, na wengine wakafuata, ukumbi mzima. Abigael alimtafuta Jethro kwa macho. Mzee alikuwa amesikia yote. Alitazamana na Abigael, akatazama viatu vyake, halafu naye akapiga makofi, taratibu, kama mtu anayekung'uta vumbi viganjani.

Nje Jethro alimkuta Abigael amesimama penye ngazi.

"Baba mdogo, umesikia."

"Nimesikia." Akarekebisha kofia yake. "Mwanangu, jambo lile lilikwisha. Mbuzi ameliwa. Sasa tukalifufue ili iweje? Jina la mumeo limeandikwa gazetini."

Abigael alipanda kwenda Manga kesho yake asubuhi, kabla ya mumewe, aliyebaki mjini na Makori. Aliingia kwa mama mkwe, akachota maji, akamwosha, na huku anamwosha akamweleza kila neno lililosemwa ukumbini, pamoja na majivu, pamoja na zile mara tatu. Hakupunguza wala hakuongeza.

Gesare alisikiliza hadi mwisho.

"Watu walisemaje?" aliuliza.

"Walipiga makofi."



"Basi ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana, eti?"

Abigael alisimama na kitambaa mkononi kikidondosha maji. Alitaka kusema uongo, ikashindikana.

"Ni nzuri, mama."

Akamkausha, akamlisha, akamgeuza upande wa ukuta asitoke vidonda. Akaenda kwa mke wa Jethro kumwambia kwamba kuanzia jioni hiyo kuna mgonjwa wa kuoshwa. Kisha akafunga nguo zake na za Bonareri katika kanga moja, akashuka kilima kwenda Nyaramba. Baba yake alimwona akiingia uani, akamsogezea kiti. Baadaye alimkatia mistari arobaini ya chai iwe yake.

Jethro alituma ujumbe mara mbili kwamba arudi kwa mumewe. Nyangate hakutuma wowote. Walioendelea kumtembelea walisema alikuwa amepata kazi mpya ya kuchora. Sasa alikuwa akiingia kwa mama yake kila siku, na kukaa. Alimchora Gesare mara kumi na moja, uso ule wenye makovu, kila mara akikaa upande wa jicho lililokufa, ili mama asijue ameingia na asigeuze kichwa. Picha hizo Makori aliziuza zote.

Gesare alikufa mwaka 1974, wakati wa kuvuna wimbi. Abigael alikuja, akaingia pamoja na wanawake wengine kuosha maiti, akaosha mgongo ule aliokuwa akiujua. Nyangate alikuwa amekaa nje na wanaume. Alimwona mkewe akipita na karai, akamtazama kwa makini, akiwa amekunja jicho moja, jinsi alivyokuwa akitazama majani. Abigael alimwaga maji, akarudisha karai jikoni. Aliondoka kabla jua halijatua, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka chai yake kuuzwa.